Msitu wa Kiingereza, Kopi Daraja la Kwanza

Hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa nikitaka kujisifu sababu ninazo. Shule niliiaga darasa la sita, nikaanza kuuza viatu vya mtumba kwa kuvitandaza juu ya gunia, na leo nina maduka matatu Mombasa na chumba changu hapa Guangzhou, hatua chache kutoka soko la Zhanxi, ambako viatu vya nusu ya Afrika hupakiwa kwenye mikokoteni. Nimeona kiatu cha ngozi kisichojua ng'ombe ni nini. Nimeona kiwanda kinabandika nembo ya Kitaliano mlango wa mbele na ya Kijerumani mlango wa nyuma, na fundi ni yule yule. Mtu akiniletea kiatu simuulizi maswali. Nakinusa. Gundi haidanganyi. Kiatu cha oji, yaani kile halisi chenyewe, hakinuki gundi. Kopi daraja la kwanza hunuka kidogo, ukiingiza pua mpaka kwenye vidole. Feki inakupokea mlangoni. Pua hii ndiyo iliyonijengea nyumba ya ghorofa.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, tukiwa tunakula wali na mbuzi katika mkahawa wa Waislamu karibu na stesheni, kwamba amepata nafasi ya kwenda Uingereza miaka mitatu kusomea msitu, sikushangaa. Nilicheka.

Ni mwanangu wa pekee. Miaka minne iliyopita alikuja hapa kwa ufadhili wa chuo kikuu kusoma mambo ya mimea. Kule nyumbani watu walidhani nimemleta mimi kwa pesa zangu, na sikuona haja ya kuwasumbua kwa maelezo.

"Kusomea msitu," nikamwambia. "Msitu una nini cha kusoma? Umeandikwa?"

"Miti inavyoishi pamoja, Baba. Inavyozeeka."

"Na wewe uzeeke nayo huko huko."

Akaniwekea simu mbele ya sahani nione. Ilikuwa video ya msitu wenyewe, huko mashambani Uingereza. Miti mirefu, kijia cha matope, na chini maua ya buluu kana kwamba mtu amemwaga ndoo ya rangi. Nikangoja. Nikadhani ng'ombe atapita, au mwenye shamba atatoka na mbwa. Video ikaisha.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Kuingia wanalipa ngapi?"

"Bure. Kuna njia ya watu wote. Wanaingia, wanatembea."

"Wanaenda wapi?"

"Hawaendi mahali, Baba. Wanatembea, halafu wanarudi."

"Kwani wamesahau nini?"

Alicheka hadi akapaliwa na wali. Nilimpiga mgongoni, na alipopata pumzi akawa hacheki tena. "Natakiwa kujibu barua yao kufikia Ijumaa," alisema. "Ufadhili upo, pesa yako siitaki. Nataka radhi yako. Bila radhi yako sijibu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nilimpa sababu za kukataa, na zote zilikuwa nzuri. Baridi. Matope. Chakula kisicho na chumvi. Upweke wa msichana peke yake kati ya miti. Sababu moja sikuitaja. Kichina changu mimi ni namba, pamoja na maneno matatu: laoban, ambalo ndilo jina la kila mwenye duka, tai gui le, ghali mno, na mei you, hakuna. Kabla binti yangu hajaja nilifanya biashara miaka kumi na sita kwa kikokotoo na nyusi. Tangu amekuja, yeye ndiye ulimi wangu. Yeye huenda nami viwandani, yeye hugombana na wenye magodauni, yeye huniambia laoban amesema nini nikishageuza mgongo. Mtu mwenye maduka matatu hawezi kumwambia mwanawe kwamba ataogopa kubaki bubu. Basi nikasema baridi.

Usiku ule nikakumbuka jambo, na nikajipongeza. Laoban mmoja anayeniuzia soli alikuwa amenionyesha picha za harusi ya bintiye. Wamesimama kwenye msitu, nyuma kuna nyumba ya mawe yenye paa la nyasi. Nikamuuliza kama ni Ulaya. Akacheka, akaonyesha kidole upande wa kaskazini. Ni hapa hapa, nje ya mji. Msitu wa Kiingereza, umejengwa.

Sasa niambie. Mtu aliyeishi Guangzhou miaka ishirini, aliyelisha ukoo mzima kwa kopi, amwache mwanawe avuke mabara kufuata oji ambayo kopi yake iko mwisho wa metro?

"Jumatano tunakwenda Uingereza," nilimwambia asubuhi. "Vaa viatu vya kutembelea."

Nilipomweleza ni wapi, aliguna. "Sawa, Baba. Lakini ukishaniona nimetembea, nami utanisikiliza?"

"Ukishatembea hutakuwa na la kusema."

Tulipanda metro mpaka mwisho wake, kisha basi la saa nzima. Nauli, ambayo huku hulipwa kwa simu, alilipa yeye, maana yangu ilikuwa na chaji kidogo na sikutaka kuichosha. Langoni palikuwa na askari aliyevaa koti jekundu na kofia nyeusi ya manyoya ndefu kama sufuria ya pilau. Joto lilikuwa lile la Guangzhou la kukamua shati. Jasho lilimtoka chini ya kofia likapotelea kwenye kola. Nilimpa pole kwa Kiswahili, akanipigia saluti.

Kiingilio, yuan tisini na nane kwa kichwa. Nilisema tai gui le. Msichana wa dirishani hata hakuinua macho.

"Kule Uingereza ni bure," binti yangu alinong'ona.

"Kule hakuna askari," nikamjibu.

Ndani, nitasema haki ya Mungu, kazi ilikuwa safi. Kijia kilipinda vizuri. Maua ya buluu yalikuwepo, tena mengi kuliko yale ya kwenye video. Kulikuwa na uyoga mwekundu wenye madoa meupe, mkubwa wa kukalia, na ndege walikuwa wakiimba bila kupumzika. Jozi tano za maharusi zilikuwa kwenye foleni ya kupigwa picha mbele ya mti mmoja mnene, kila bibi harusi ameinua shela lake lisiguse ardhi, na chini ya shela raba.

"Haya," nikamwambia. "Msitu huo. Tembea."

Akatembea. Akaenda mpaka kwenye ule mti mnene, akaugonga kwa kidole, akarudi.

"Mwaloni huu una miaka mingapi, Baba?"

"Wewe ndiye msomi."

"Nadhani miwili. Ni saruji."

Nikaenda mwenyewe. Wapiga picha walipiga kelele nikawapuuza. Niliweka pua kwenye gome, na pua ikanisalimia kama rafiki wa zamani. Gundi ile ile ya soli. Majani yalikuwa ya plastiki, yamebandikwa moja moja, na kwa kweli sikuona hata tone lililomwagika.

"Daraja la ngapi?" aliniuliza, mikono nyuma kama mwalimu.

"La kwanza," nilikiri. "Hata mshono hauonekani."

"Na ndege?"

Nikatazama juu. Sikuona ndege. Nikatazama chini, na karibu na mguu wangu jiwe lilikuwa linaimba. Lilikuwa spika. Lilimaliza wimbo, likakohoa, likaanza tena tangu mwanzo.

Bado sikushangaa. Nilichohitaji wakati ule ni choo. Nikaenda kwenye ile nyumba ya mawe nikasukuma mlango. Ulikuwa umechorwa tu ukutani. Binti yangu ilibidi akae juu ya uyoga kwa kicheko.

"Ulize basi, wacha kucheka!"

"Hee, si ulisema nikishatembea sitakuwa na la kusema?"

Akauliza, lakini. Choo kilikuwa nje ya lango la nyuma, upande uliko kijiji kimoja cha zamani. Nilipotoka humo nikamkuta amesimama ameukazia macho mgongo wa kijiji kile. Nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, palikuwa na kichaka cha miti mirefu, kimesimama kama watu waliofika kabla ya karamu.

"Twende pale," alisema. "Vijiji vya zamani vya huku vingi vina msitu nyuma. Unakinga upepo, unaleta baraka, wanasema. Hawakati hata kijiti."

"Kiingilio?"

"Nunua mahindi, Baba, uwe na la kufanya."

Nikanunua mahindi mawili ya kuchemsha kwa mzee mmoja barabarani, yuan tano hindi moja, na tukapanda.

Mle ndani joto lilibaki nje kana kwamba mtu amefunga mlango. Hilo nililiona kwanza. La pili, kimya. Mimi nimeishi sokoni tangu nina miaka kumi na mitano. Masikioni mwangu daima kuna mkokoteni, honi, mtu anatangaza bei. Pale hapakuwa na bei. Nilisikia punje za mahindi mdomoni mwangu mwenyewe.

Katikati palikuwa na mti mkubwa ambao watu wanne wasingeukumbatia. Umefungwa utepe mwekundu, na chini ya utepe kipo kibati cha chuma chenye maandishi ya Kichina na namba moja niliyoielewa vizuri sana: 268.

Karibu na mti, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mama wa umri wangu hivi, ufagio mapajani, anatafuna mbegu za alizeti na kutazama simu. Miguuni ndara za plastiki ambazo kwa jumla ni yuan nne na nusu, ukichukua katoni. Nikajua niko na mtu wa kwetu. Binti yangu alikuwa upande wa pili wa shina akilipima kwa utepe aliotoa mkobani. Msichana huyu hutembea na utepe wa kupimia kama wengine wanavyotembea na wanja.

Nikafanya hesabu. Mti ule ungetoa milango, vitanda, meza. Mbao peke yake zingefika maelfu. Na kibati kinasema mia mbili sitini na nane. Bei ya kutupa. Lakini mfanyabiashara hapokei bei ya kwanza hata akipewa bure. Nikakunja uso, nikagonga kibati kwa kidole.

"Tai gui le!" nikamwambia yule mama. Nikainua kidole kimoja. "Yi bai." Mia moja.

Mama akaacha kutafuna. Akanitazama, akatazama kibati, akanitazama tena. Kisha akapiga ukelele wa kicheko, na ufagio ukaanguka. Akasema maneno mengi. Binti yangu akachungulia kutoka nyuma ya mti.

"Baba. Umefanya nini?"

"Nimeanza na mia. Nitafika mia na hamsini, usiingilie."

"Baba, hiyo si bei. Huo ni umri. Mti una miaka mia mbili sitini na nane."

Mama bado alikuwa anasema, huku anajifuta machozi kwa kofia yake ya jua.

"Anasema nini?"

"Anauliza punguzo unalotaka ni la miaka ipi. Ile ya mwanzo, mti ulipokuwa mche, au hii ya mwisho aliyoufagilia yeye?"

Nimekatwa kauli na mawakala wa meli, na maafisa wa forodha, na mama mkwe wangu. Lakini na mfagia majani, ndiyo mara ya kwanza. Nikampa yule mama hindi langu la pili, ambalo lilikuwa la binti yangu, akalipokea kwa mikono miwili na kuendelea kucheka.

Binti yangu aliokota jani chini, akalipasua, akaniwekea puani. "Nusa."

Nikanusa. Halafu nikaketi juu ya mzizi.

"Ni mkafuri," alisema.

Kafuri! Mimi kafuri naijua ya pakiti, vidonge vyeupe vya dukani. Sikuwahi kujua kwamba ina mti. Nilidhani inatengenezwa, kama kila kitu kingine. Mara ya mwisho kuinusa nilikuwa nimemshikia ndugu yangu ndoo, tunamwosha baba yetu. Marehemu hakunipa radhi. Alitaka nibaki dukani kwake nipime sukari na mafuta ya taa. Mimi nikaondoka na gunia langu la viatu nikamwambia tutaona nani atacheka. Niliporudi na gari nilisubiri aseme neno moja, naye aliuliza tu kama nimekula. Kisha ikawa ndoo, na sanda, na harufu ile.

Nikalinusa tena lile jani.

"Daraja la ngapi?" binti yangu aliuliza, polepole.

"Oji," nikasema.

Kilichofuata sikijivunii. Nililala. Mimi, ambaye simu yangu haizimwi, niliegemea mti wa watu nikalala kwa saa mbili nzima, mchana kweupe, na miadi yangu ya kukagua katoni za ndara ikapita. Nilipoamka, kofia ya jua ya yule mama ilikuwa imewekwa usoni mwangu, na binti yangu alikuwa peku kwenye mizizi, anaandika kwenye daftari vitu alivyopima. Alikuwa akiimba, chini chini. Nilimtazama bila yeye kujua. Miaka minne nimemwona akibishana na malaoban kwa ajili yangu, na sura ile sijaiona hata siku moja.

"Baba umekoroma," alisema bila kugeuka. "Ndege wa kweli wamehama."

"Wewe ukienda," nikamwambia, "nani ataniulizia bei?"

Hapo akageuka. Nadhani alikuwa ameingoja sababu hiyo tangu Jumatatu.

"Bei unajua kuuliza, Baba. Umeiuliza hata ya mti."

"Sifanyi mzaha."

"Hata mimi. Utakosea, watakucheka, kisha watakupa kofia. Si umeona?"

Nikasema tutaona. Tukashuka kulifuata basi.

Alhamisi nilikwenda peke yangu kwenye jengo moja la maduka ya vioo, upande wa mji ambao sina shughuli nao. Nilikuwa nimeona katika ile video kitu ambacho wataalamu wa misitu hawakukiona: matope. Matope yale yanataka gambuti. Zhanxi ningepata jozi kwa yuan thelathini na tano, na ningejua vilevile kwamba zingepasuka kwenye kisigino kabla ya mwezi wa tatu, maana mimi ndiye ninayeziuza. Nikachukua jozi ya Kiingereza yenyewe, kijani, saizi ya mwanangu. Nikaingiza pua mpaka kwenye vidole. Hakuna gundi.

Msichana wa duka alitaja bei. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza peke yake: "Tai gui..." Nikaufunga. Nikakumbuka ule ufagio unaanguka. Nikalipa kama ilivyotajwa, tena nikajieleza kwamba nataka mfuko na risiti. Ilichukua dakika kumi, mikono yote miwili na nyusi zote mbili, lakini mfuko nilipewa, na risiti nilipewa, na msichana hakucheka sana.

Jioni nikaweka boksi mezani mbele ya binti yangu. Alifungua, akazinusa kama nilivyomfundisha. Akanitazama.

"Andika barua yako," nikasema. "Uende na radhi zangu, mwanangu. Na soksi nzito."

Ameshakwenda sasa. Juzi nikiwa Zhanxi, kati ya mikokoteni, simu ililia: video kutoka msituni kwake. Miti, kijia, matope, na gambuti mbili za kijani zinatembea. Haziendi mahali. Niliitazama mpaka mwisho, huku laoban ananingoja na kikokotoo chake. Mahali fulani ndege alikuwa akiimba, nikamwandikia: hiyo ni spika? Akajibu neno moja. Oji.

Watu kule nyumbani huniuliza imenigharimu ngapi kumpeleka mtoto Uingereza, na safari hii nasema kweli. Masomo na nauli ya ndege vililipwa na ufadhili. Mimi nimelipa viingilio viwili vya kopi, mahindi mawili, na jozi moja ya gambuti bila punguzo. Jumla yuan elfu moja mia tatu themanini na sita.